Gari la Viti Viwili katika Mji wa Tuktuk

Mtaani kwetu Shela, Malindi, kuna gari moja ambalo limeligawa baraza pande mbili. Ni Smart Fortwo ya kizazi cha pili, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 2007, lenye milango miwili, viti viwili na urefu wa mita 2.69 tu. Mwenye gari ni jirani yangu, mfanyakazi wa ofisini ambaye watoto wake wameshahama nyumbani, na alilinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga virago kuondoka nchini. Wanaolikejeli husema kuwa hilo ni gari la mtu asiye na ndugu, na wanaolitetea hujibu kwamba ndilo gari pekee mtaani lenye ukubwa unaolingana na kazi yake. Nimewasikiliza wote, nimelipanda gari lenyewe zaidi ya mara moja, na naona kwamba kila upande umeishika hoja yake dhaifu na kuiacha ile yenye nguvu.

Watetezi huanza na maegesho, na hapo ndipo wanapokosea mwanzo. Gari hili lilibuniwa kwa ajili ya miji ambayo nafasi ya kuegesha imekuwa adimu kuliko gari lenyewe. Wazo lilisukumwa na Nicolas Hayek wa kampuni ya saa ya Swatch, likaingiwa ubia na Mercedes, kiwanda kikajengwa Hambach nchini Ufaransa, na toleo la kwanza, lenye urefu wa mita 2.5, likaanza kuuzwa mwaka 1998. Katika miji kama Paris au Roma, kupunguza mita moja na nusu ya gari ni kujipatia mahali pa kusimama. Malindi haina shida hiyo. Ukitoa vichochoro vya mji wa kale karibu na Msikiti wa Ijumaa na msongamano wa sokoni asubuhi, mtu hapa huegesha chini ya mwarobaini wowote unaompa kivuli, na mabishano yakizuka huwa ni ya kivuli, si ya nafasi. Vichochoro vyenyewe ni vya miguu, mkokoteni na bodaboda. Gari la mita 2.69 haliviingii kama lisivyoviingia Probox. Na kama twataka mfano wa mji ambao njia zake ni nyembamba kweli, Lamu i karibu, nako jibu lilipatikana zamani kwa punda na jahazi.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hawalitaji. Tuktuk ya kawaida inayozunguka mjini ina urefu wa takribani mita 2.6. Maana yake ni kwamba Malindi ilishakuwa na chombo chenye urefu wa Smart kabla Smart haijafika, nacho hubeba abiria watatu nyuma, hugeuka papo hapo, na spea zake huuzwa katika duka lolote la pembeni. Kwa hiyo swali la hapa si kama chombo kifupi kinafaa mjini. Hilo lilishajibiwa na maelfu ya safari za kila siku kutoka Maweni hadi Casuarina. Swali ni kama inafaa kumiliki chombo kifupi kilicho ghali, chenye milango na kiyoyozi, lakini kikawa na nafasi pungufu kuliko kile unachokipungia mkono barabarani.

Hoja ya pili ya watetezi ni mafuta, nayo pia haibebi uzito inaobebeshwa. Injini ya gari la jirani ina mitungi mitatu na ujazo wa sisi (cc) 999, yaani ni sawa na Vitz ndogo au Passo. Magari hayo yana viti vinne au vitano na matumizi yake ya petroli hayapishani mno na ya Smart, kwa sababu ufupi wa gari si wepesi wake: bado kuna vioo, milango, mabomba ya kiyoyozi na fremu nzito ya chuma. Ushuru nao hautoi zawadi ya ziada, kwani ngazi ya chini ya ushuru wa bidhaa kwa magari ya petroli nchini Kenya hukusanya pamoja injini zote zisizozidi sisi 1500. Anayenunua viti viwili ili aokoe fedha atavuna kidogo sana mbele ya jirani aliyenunua vitano.

Tuje kwa wanaokejeli. Hoja wanayoipenda ni ya hatari: kwamba ukigongwa ndani ya kile "kijisanduku" hakuna cha kuokota. Hii ni kweli nusu. Gari limezungukwa na kizimba cha chuma kigumu ambacho ndicho mfupa wake, na ile ngozi ya rangi unayoiona nje ni plastiki. Toleo lililofuata lilipata nyota nne katika majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, mwaka 2014. Lakini majaribio hayo ya kugonga mbele huiga ajali kati ya magari ya uzito unaokaribiana, na barabara kuu ya kwenda Mombasa ina mabasi na malori. Kwa upande mwingine, wengi wa wanaocheka hurudi nyumbani kwa tuktuk isiyo na mlango wala mkanda, au kwa bodaboda wakiwa watatu bila kofia. Kulinganisha kwa haki ni kulinganisha na chombo ambacho mtu angekitumia kweli, na kwa safari ya ndani ya mji, Smart yashinda hapo bila ubishi.

Ile plastiki, kwa njia, ina faida ambayo watengenezaji pengine hawakuipigia hesabu kwa ajili yetu. Upepo wa kusi hubeba chumvi kutoka baharini miezi mingi ya mwaka, na magari ya Malindi hutoboka kuanzia chini ya milango. Milango ya gari la jirani imepauka kwa jua, lakini haijatoboka. Kutu imehamia chini, kwenye chuma kisichoonekana, jambo ambalo ni baya zaidi kwa asiyejua kuinama akatazama.

Ubaya wa gari wenyewe huusikia kwenye matuta. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 1.87 tu, hivyo magurudumu ya mbele hayajamaliza kushuka tuta kabla ya yale ya nyuma kuanza kulipanda, na abiria hutikisika mbele na nyuma kama aliyekaa kwenye ngalawa inayokata mawimbi. Gia nazo hujibadilisha zenyewe lakini kwa kusita: gari hupumua kidogo kati ya ya kwanza na ya pili, kichwa chako kikaenda mbele, ndipo lipate nguvu tena. Kutoka Shela hadi uwanja wa ndege huo ni usumbufu wa kuchekea. Mtu aendaye Gede na kurudi kila siku hatacheka kwa muda mrefu.

Lakini hoja nzito zaidi ya pande zote mbili ni viti vyenyewe, na hapa ndipo pa kukaa.

Pwani gari si mali ya mtu mmoja kwa maana kamili ya neno. Anayenunua gari hununua pia wajibu wa kumpeleka shangazi kliniki, kubeba sufuria za arusi, kumchukua mjomba aliyeshuka basi usiku, na zaidi ya yote kwenda mazikoni. Maiti huzikwa siku hiyo hiyo. Habari ikifika asubuhi kwamba kuna msiba Mambrui, watu wanatakiwa wawe kaburini baada ya Adhuhuri, na kila kiti mtaani huhesabiwa. Siku kama hiyo gari la viti viwili huonekana kama mtu aliyefika kwenye kazi ya kujitolea akiwa na mikono mfukoni. Niliishuhudia mwenyewe: wazee watatu wamesimama nje na kanzu zao, jirani kafungua mlango, akamwita mkubwa wao, "Ami, karibu," na mzee akawatazama wenzake wawili kabla ya kuinama kuingia. Hakuna aliyesema neno, na hapakuwa na haja.

Kwa hiyo wanaokejeli wanaposema ni gari la asiye na ndugu, wanagusa kitu cha kweli. Viti vitupu vya kila siku kwenye gari la watu watano havikai bure. Ni akiba ya siku ya shida, kama mchele wa ghalani. Na tena viti hivyo ndivyo vinavyomfanya mwenye gari ajulikane, asaidiwe naye siku yake ikifika.

Hata hivyo, iangaliwe hesabu. Kwa mwaka mzima, siku ambazo gari la mtu wa umri wa jirani yangu hujaa ni chache, na kwa siku hizo matatu au tuktuk mbili za kukodi hutosha, tena hubeba watu wengi kuliko gari lolote la binafsi. Mwenye gari la viti viwili anayelipia usafiri wa wazee wake siku ya mazishi hajakwepa wajibu. Ameutekeleza kwa fedha. Tatizo ni kwamba jamii haioni malipo kama inavyoona kiti. Kumkodia ami tuktuk si sawa na kumkalisha kando yako, hata kama safari ni ile ile, na sidhani kwamba wanaoona hivyo wamekosea.

Upande wa pili wa lifti hausemwi barazani, kwa sababu kuusema ni aibu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeomba kupelekwa hadi Muyeye "mara moja" haoni petroli, wala muda, wala kwamba wewe ni mtu wa tano kuombwa naye wiki hiyo. Gari la viti viwili humpa mwenyewe jibu lisilovunja undugu. Hakukataa, hapana nafasi. Jirani yangu aliwahi kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba tangu alinunue hajawahi kugombana na mtu kwa ajili ya lifti, na gari lake la zamani lilimgombanisha na shemeji wawili. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hoja yenye nguvu kuliko ya mafuta na maegesho, na ndiyo ambayo hakuna mtetezi atakayeitamka hadharani.

Ikumbukwe pia kwamba viti viwili peke yake si fedheha. Tanzania kuna vigari vidogo vya mizigo vinavyoitwa kirikuu, ambavyo navyo vina viti viwili tu, na hakuna anayesema mwenye kirikuu hana ndugu, kwa kuwa nyuma yake kuna magodoro, viazi na mbao za watu. Kinachoikosesha Smart heshima ni kukosa cha kubeba. Buti lake linatosha kikapu cha soko na mkungu mdogo wa ndizi, na chini ya zulia la buti hilo ndipo injini ilipo.

Hilo la injini lilimtatiza fundi wetu. Alifungua mbele kama desturi, akakuta vyombo vya maji na mafuta ya breki, akasimama na spana mkononi akitazama mahali pasipo na injini. Alipoelekezwa nyuma ilibidi aondoe kikapu, zulia na kifuniko ndipo aione, kisha akasema kwa upole kwamba kazi hii aifanye mtu mwingine. Simlaumu. Mkono uliozoea Toyota huijua injini hata gizani. Kwa gari hili kila kazi ni ya mara ya kwanza.

Hapa ndipo wanaokejeli wangepaswa kusimama badala ya kuzungumzia ukubwa. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayalingani upana: mbele ni 155, nyuma ni 175, yote ya rimu ya inchi 15, kwa hiyo huwezi kuyabadilishana mahali yanapolika. Tena gari halikuja na gurudumu la akiba. Limekuja na pampu na chupa ya gundi ya kuziba tundu, kifaa ambacho ni cha mji wenye huduma ya kuvutwa, si cha barabara ya Kakuyuni. Na chanzo cha spea kinazidi kukauka. Kenya huruhusu magari ya mitumba yenye usukani upande wa kulia ambayo hayajapita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza; Smart iliacha injini za petroli na kuuza za umeme pekee kuanzia 2020, na Fortwo yenyewe ikakoma kutengenezwa mwaka 2024. Petroli chache zilizopo nchini hazitapata ndugu wapya wa kuchinjwa kwa ajili ya vipuri.

Za umeme zina mvuto wake. Betri ya kilowati-saa 17.6 huendesha gari takribani kilomita 130 kwa vipimo rasmi, ambazo kwa mizunguko ya mjini ni siku kadhaa, na Langobaya, ndani ya kaunti hii hii, kuna mtambo wa jua wa megawati 40. Ila Mombasa i umbali wa kilomita 120 hivi, na vipimo rasmi havikupimwa na kiyoyozi kikihangaika na joto la Machi. Mwenye gari hilo angekuwa mfungwa wa Malindi, kifungo ambacho baadhi yetu twakikubali kwa hiari.

Hukumu yangu basi inaelemea upande wa wanaokejeli, ingawa si kwa sababu zao. Mtu mmoja au wawili wasio na watoto nyumbani, wenye safari fupi za lami na gari jingine katika ukoo, wanaweza kulimiliki bila kujuta, mradi wakubali kwamba wanalipia ukimya na si uchumi, na mradi wanunue tairi nne za ziada siku ile ile ya kununua gari. Jirani hakununua. Jana asubuhi nililikuta limeinuliwa kwa jeki, upande wa nyuma wa kushoto hauna gurudumu, na mbuzi kalala kwenye kivuli chake. Mwenyewe alikuwa amekwenda ofisini kwa tuktuk, pamoja na abiria wawili, akingoja tairi linalokuja na basi la Mombasa baada ya Alasiri.