Afundishwe Kusimama Kwanza

Mvua za Machi zikikolea hapa Tukuyu, kila kijimteremko kinageuka uwanja. Mtoto anakalia gome la mgomba, mwenzake anamsukuma, anaserereka mpaka chini huku akipiga kelele. Kufua tope lile ni kazi ya mtu mwingine.

Juzi mdogo wangu aliyeko Austria alinitumia video ya mwanawe wa miaka mitano akijifunza kuteleza kwenye theluji. Nilitegemea kuona mbio. Kumbe mwalimu kamweka mahali karibu tambarare, anamfundisha kusimama tu: visigino avipanue, ncha za mbele za zile mbao za kutelezea alizofungwa miguuni zikaribiane kama kipande cha pizza, mwendo unakufa. Asiyeliweza hilo hapandishwi juu. Na wana kanuni 10 za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIS, tangu 1967. Iliyonigusa ni hii: anayetoka nyuma ndiye wa kumchunga aliye mbele. Wa mbele hana macho kisogoni.

Sisi je? "Acheni, mtaumia!" Basi, tumemaliza. Nao wanahamia mteremko tusiouona.

Mwaka jana mwanangu alipasuka kidevu. Hakuanguka, alikuwa ameshafika chini salama, amekaa palepale anacheka, mwenzake akamfuata kwa kasi. Sikuwahi kumwambia kwamba ukifika, unatoka njiani.

Siku hizi mteremko tunautembea kwa miguu kwanza, tuone unaishia wapi. Ukiishia kwenye majani, sawa. Ukiishia barabarani kwenye bodaboda, hauchezwi, hata uwe mfupi kama kizingiti. Kisha wanajifunza kuchomeka visigino na kujibwaga ubavu.

Jirani anasema niwavalishe helmeti. Sikatai, ila ya baba wa bodaboda inamfunika mtoto macho. Na helmeti haichagui njia: Desemba 2013 Michael Schumacher, yule bingwa wa mbio za magari, alikuwa ameivaa akiteleza kwenye theluji kule Méribel, Ufaransa, alipotoka nje ya njia iliyotayarishwa, akagonga mwamba na kuumia vibaya kichwani.

Jumamosi kitinda mimba naye ameomba gome lake. Ataanzia nusu ya mteremko, na mwenzake hashuki mpaka mimi niliye chini niinue mkono.