Nilikuwepo, Ila Picha Imenikana

Leo asubuhi, kabla hata sijanawa uso, nimefungua simu nikakutana na picha. Kilima cheusi, jiwe kubwa juu yake, na anga zima limejaa nyota zilizovutika kidogo kidogo, kama mtu aliyeanza kuchora duara akaghairi. Picha nzuri, sikatai. Chini yake shemeji yangu ameandika: “Mimi, usiku na ukimya. Hakuna mwingine.”

Hakuna mwingine!

Sasa ndugu zangu, mimi nilikuwa wapi? Yule aliyepandisha stendi ya kamera kilimani gizani, miguu yake mitatu ikimgonga ugoko kwa zamu, alikuwa nani? Jini? Aliyeumwa na mbu ukoo mzima, akakanyaga kitu ambacho mpaka sasa hajakitambua na hataki kukitambua, alikuwa nani? Na kilichonichoma zaidi, wa kwanza kuiwekea moyo ile picha ni mke wangu. Mke wangu huyu huyu aliyenifungulia mlango saa kumi na moja alfajiri, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema “pole” kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko.

Mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu. Saa tatu usiku nimeshapanda kitandani, saa nne simjui mtu. Sina ugomvi na usiku, na usiku hauna ugomvi na mimi. Lakini siku hizi kila ukoo umejaliwa mmoja wa hawa watu wa kamera za usiku, na ukishakuwa naye sahau usingizi. Yuko yule anayelala kifudifudi barabarani mvua ikikatika, apate taa ya nguzo ndani ya dimbwi. Yuko wa darajani, anayetaka taa za magari ziwe nyuzi ndefu nyekundu na nyeupe, na ndiye binadamu pekee niliyewahi kumsikia akilalamika kwamba magari ni machache. Yuko anayefunga stilwaya ya kusugulia sufuria kwenye waya, anaiwasha, anaizungusha juu ya kichwa mpaka cheche zinamfunika kama mwavuli, kesho yake anauliza nani amelitoboa shati lake.

Na wa mwezi. Hawa tuwaombee tu. Kila mwezi mpevu ukitoka natumiwa picha kumi na mbili za kidonge cheupe katikati ya giza, na maneno “tazama mwezi wa leo”. Nimeutazama. Huo hapo nje, bure. Shemeji anasema kosa lao ni kusahau kwamba mwezi unamulikwa na jua, kwa hiyo unapigwa picha kama kitu kilichoanikwa mchana. Simu ikiona giza lote lile la pembeni inatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, na mwezi unaungua. Hayo nimeyajua bila kuyauliza. Mengi ninayoyajua sasa sikuyauliza.

Maana shemeji yangu ni wa nyota, na wa nyota ndio wenye hali mbaya zaidi.

Ijumaa alikuja nyumbani na uso wa mtu anayeleta taarifa ya msiba. “Shemeji,” akasema, “leo hakuna mwezi.” Nikampa pole. Kumbe ni habari njema! Mwezi ukiwepo nyota zinafifia, taa za mjini nazo zikiwa karibu zinafifia, kwa hiyo raha yao ni pale ambapo hakuna mwezi, hakuna taa, hakuna nyumba, na kwa hesabu zangu hakuna mtu mwenye akili timamu. “Nahitaji mtu wa kunisindikiza,” akasema, dada yake akiwa ameketi pale pale ananitazama. “Nusu saa tu.”

Mtu akikuomba nusu saa mbele ya dada yake utasemaje?

Tumefika, gari tukaliacha chini, tukaanza kupanda. Nikawasha tochi ya simu nione ninapokanyaga. Nilisikia ukelele nikadhani nimekanyaga mtoto. “Umeniua macho!” Eti macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe ukipita mara moja tu kazi inaanza upya. Akanipa tochi yake ya taa nyekundu. Taa nyekundu, kama hujawahi kuitumia, haikuonyeshi kitu; inakugeuzia tu kila jiwe lifanane na kidonda. Niliteleza mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama stendi imeumia.

Juu kule akaanza kutafuta fokasi. Anachagua nyota moja, anaikuza kwenye kioo cha kamera, anazungusha pete ya lenzi kwa unene wa unywele, anarudisha, anazungusha tena. Ikiwa nukta ni sawa, ikiwa donge si sawa. Ikawa donge kwa dakika ishirini. Ilipokuwa nukta aliibandika ile pete kwa utepe, akaniambia nisisogee karibu kwa sababu ardhi inatikisika nikitembea. Mimi! Nina kilo sitini na nane. Halafu yeye mwenyewe akibonyeza kitufe anarudi nyuma haraka kama aliyewasha fataki, kamera inahesabu sekunde mbili peke yake ndipo inafungua, kwa sababu hata kidole chake hakiamini.

Hapo nikawa nimechoka kusimama, nikauliza kama tunaweza kurudi. Akasema bado hajapiga hata moja, na kwamba picha inataka mtu juu ya jiwe, ili watazamaji waone ukubwa wa anga. Mtu mwenyewe akanitazama mimi.

Nikapanda. Nikajiambia, sawa, acha kizazi kijacho kinione. Nikatoa kifua.

“Sekunde ishirini na tano, shemeji. Usitikisike.”

Kwa nini ishirini na tano? Unachukua 500 unagawanya kwa milimita za lenzi. Yake ni ya 20, jibu 25. Ukizidisha hapo nyota zinaacha kuwa nukta zinakuwa michirizi, kwa sababu dunia inajizungusha, nyuzi 15 kila saa. Sasa fikiria. Dunia nzima, pamoja na bahari zake na milima yake, ina ruhusa ya kuzunguka, mimi mtu mmoja nisikune hata pua. Na pua, ndugu zangu, ukiambiwa usiikune ndipo unapokumbuka unayo. Sekunde ya kumi mbu alitua sikioni. Nilijikaza. Ya kumi na mbili akaanza kuimba. Nikampiga kofi, nikakosa, nikajipiga mwenyewe, nikarudi nusu hatua.

Tulipoitazama ile picha nilikuwa na kichwa kimoja na nusu, na nyota mbili zinawaka katikati ya tumbo langu. Pale niliposimama kwanza anga likapata nafasi ya kuingia nilipoondoka, basi nimekuwa kitu cha kupitisha mwanga, kama pazia la bei rahisi. Akasema inaitwa mzimu. Akaifuta.

Tukarudia. Safari hii akaja na wazo la kuniwekea taa nyekundu nyuma ya mgongo, hafifu, inichore pembeni, na mikono niinyanyue juu kama ninayepokea kitu kutoka mbinguni. Nikainyanyua. Wakati huo ndipo gari likatokea kwenye kona ya barabara iliyo chini ya kilima.

Jiweke katika nafasi ya yule dereva. Saa nane za usiku. Hakuna nyumba. Unakata kona, taa zako zinapanda juu, unaona jiwe, juu ya jiwe kuna mtu mwekundu amenyanyua mikono, hatikisiki.

Alifunga breki. Kioo kikashuka upana wa kidole. “Nyie mnafanya nini hapo?”

Nikaona ni wajibu wangu kama mtu mzima kumtuliza. Bila kushusha mikono, maana sikuwa nimeruhusiwa, nikasema kwa sauti nzito ya heshima: “Usiogope ndugu yangu. Tunasubiri nyota.”

Nilipoisikia ile sentensi ikitoka nikajua haikukaa vizuri. Jamaa hakujibu. Aliondoka kinyumenyume, kona nzima, taa zikiyumba huku na huku, mpaka mlio wa injini ukapotea. Mpaka leo huko kwao mimi ni hadithi ya kutishia watoto, na sitapata nafasi ya kujitetea. Na shemeji? Shemeji alikuwa amechuchumaa nyuma ya kamera anakaribia kulia. Si kwa ajili ya yule binadamu aliyetaka kuzimia. “Ilikuwa sekunde ya kumi na tisa,” ananiambia. “Zilibaki sita tu, shemeji. Sita!”

Baada ya hapo akaamua kuachana na watu, yaani mimi, apige ya dakika nne. Dunia ikazunguke inavyotaka. Nikafurahi, dakika nne si nyingi. Zikaisha, nikainuka, akaninyooshea kidole nikae. Kamera bado inafanya kazi. Kumbe ikimaliza kupiga dakika nne inaziba jicho, inapiga nyingine dakika nne zile zile za giza tupu, ili ijue zile chembechembe za rangi za uongo zinazoletwa na kamera yenyewe, izitoe kwenye picha ya kwanza. Nilimwomba arudie maelezo nikidhani usingizi umenichezea. Hapana. Tumepanda kilima usiku kupiga picha ya giza, na sasa tunasubiri kamera ipige picha ya giza ili kuliondoa giza la kwanza.

Katika kusubiri huko ndiko nilikosomeshwa. Nikaambiwa habari za Nadar, Mfaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1860, alivyoshuka kwenye mahandaki ya mifupa chini ya Paris na taa za umeme wakati umeme wenyewe ulikuwa muujiza. Picha moja iliweza kuchukua dakika kumi na nane. Hakuna kibarua wa kusimama dakika kumi na nane bila kutikisika, basi akaweka wanasesere wakubwa, akawavalisha nguo za vibarua. Nilinyamaza kidogo. Kisha nikauliza kwa upole kwa nini sisi hatukuleta mwanasesere. Shemeji akasema yuko Brassaï, mwingine wa Paris, wa miaka ya 1930, ambaye usiku alikuwa anapima muda wa picha kwa sigara: taa za kawaida sigara nyembamba, giza likizidi sigara nene, sigara ikiisha na picha imeiva. Nikasema huyo angalau alikuwa na kitu cha kufanya.

Hapo ndipo betri ikafa. Kwa nini, baridi. Betri zinachukia baridi, zinaishiwa upesi, kwa hiyo ya akiba inabebwa mfukoni karibu na mwili ipate joto. Mfuko wa nani? Nimeshinda usiku kucha naatamia betri kama kuku, na nilipoitoa akasema ina jasho. Akaibadilisha, akawasha, kioo cha lenzi kimeingia umande. Akanipa kitambaa nikishike kavu mpaka atakapokihitaji. Kwa hiyo orodha ya mali niliyokabidhiwa ilikuwa tochi, kitambaa, mfuko, kofia yake, na betri iliyokufa.

Kofia ikapeperuka. Akiwa katikati ya dakika nne nyingine, upepo ukaja ukaichukua mpaka mbele ya lile jiwe. Nikaganda, nimeshafundishwa. Akasema kwa utulivu wa ajabu, “Nenda tu kachukue, shemeji. Hutaonekana.” Nikapita mbele ya kamera, macho makavu. Nikainama. Nikaiokota. Nikasimama kidogo nikanyoosha mgongo, maana uliniuma. Nikarudi.

Ndiyo picha ya leo asubuhi. Ile yenye nyota zilizovutika, hiyo hiyo. Nimeikuza mpaka simu ikapata joto, nikitafuta hata kisigino. Hamna. Sina taa, sikutulia, kwa dakika nne nzima sekunde zangu chache hazikutosha hata kuacha kivuli. Nimepita mbele ya ushahidi na ushahidi umesema haunijui. Kisha mtu anakuja kuandika “hakuna mwingine”, na huwezi hata kubishana naye kwa sababu picha iko upande wake!

Hapana, acha niseme ukweli, nimekasirika kweli. Jumamosi nilikuwa na zamu kazini. Nimesinzia nikiwa nimesimama, nikaamshwa na mteja. Ukimya gani anaousema yule kijana? Alikuwa anaongea yeye usiku kucha! Ukimya ulikuwa wangu, mimi ndiye niliyenyamaza. Ukiona vyaelea vimeundwa, na wakati vinaundwa kuna mtu ameshika kitambaa. Na lile anga la zambarau na buluu kwenye picha sikuliona pale. Nililoona mimi ni jeusi lenye vumbi jeupe lililomwagika katikati, na sitasema lilikuwaje kwa sababu nikisema nitaonekana ninamsifia.

Nimemwandikia. Nimeandika kwa lugha ya watu wazima: “Shemeji, kuhusu neno ‘mwingine’, tafadhali rekebisha.” Amejibu baada ya dakika nne, nadhani ni mazoea. Anasema ana la kunifidia. Wiki hii anarudi pale pale, atanipiga kwa mweko wa flashi, mara moja tu, nigande kwenye picha kama sanamu hata nikitembea baadaye. Safari hii nitaonekana mpaka vifungo. Nije tu na shati jeupe.

Sasa lile shati jeupe ndilo ninalolitafuta tangu saa sita mchana. Nililiacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Msumari upo. Mke wangu anasema hajaligusa, watoto hawajaligusa, na hapo nje kuna kitambaa kipya kabisa cha kufutia pikipiki chenye kola na vifungo vitano, na kila mtu ndani ya nyumba hii anakitazama kama hajawahi kukiona.