Vunjeni kikoba mwezi wa saba

Mwenye shilingi elfu mbili mfukoni hununua unga kilo moja moja, na kila kilo imebeba nauli ya lori, kukoboa, kusaga na faida ya mwenye duka. Kumwambia mtu huyo "banabana matumizi" ni kumkejeli, maana hana cha kubana. Huku kwetu nyanda za juu kusini, gharama ya chakula cha mwaka mzima inaamuliwa Julai na Agosti, mahindi yakishatoka shambani Mbozi na Ileje. Ukikosa kununua hapo, Februari utayafuata kwa bei ya njaa, mashamba yakiwa bado mabichi.

Sasa angalia vikoba vyetu, vikundi vya kuweka akiba kwa hisa. Vingi huvunjwa Desemba, bei ya mahindi ikiwa imeshaanza kupanda, na mgao unaishia kwenye nguo za sikukuu na nyama. Anzeni mzunguko Agosti, mvunje Julai inayofuata. Najua mama mmoja atanyoosha mkono kuuliza sare na madaftari ya Januari. Ana haki. Tengeni mchango mdogo wa shule kwenye daftari la peke yake, ufunguliwe Januari, hisa zibaki za mahindi.

Baba, mama na watoto wawili humaliza kama kilo moja na nusu ya unga kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 100 ni miezi miwili na siku chache. Magunia manne yakianza kuliwa Agosti yanavusha Februari na Machi, miezi iliyo mibaya kuliko yote. Nunua kwa mizani. Debe lililobonyezwa kitako limewaliza wengi, na mashine nyingi za kusaga zina mizani.

Wengi huharibikiwa kwenye kuhifadhi, na kosa huwa ni haraka. Julai Mbeya ni baridi na ukungu wa asubuhi; punje inang'aa nje huku ndani ina maji, na mahindi ya Tukuyu, ambako mvua haikatiki vizuri, ndiyo usiyaamini kabisa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chakula vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isipoganda, bado yaongeze siku mbili za jua, kwa sababu kipimo hiki hakioni unyevu wa mwisho mwisho.

Kisha tia kwenye mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Puliza kila nailoni na ubane mdomo ujue kama inavuja. Jaza ya ndani huku ukitikisa, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa ya pili, halafu kiroba. Dumuzi na fukusi waliomo watakosa hewa na kufa, bila dawa yoyote. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na umalize gunia moja kabla ya kufungua jingine; kufungua-fungua kunawarudishia wadudu pumzi. Ukifunga mahindi mabichi, nailoni hiyohiyo inakuwa chungu cha ukungu. Ukiona yameota ukungu usiyasage, maana sumukuvu haiishi kwa kupika.

Saga dona, kilo 20 kwa mara moja, si gunia zima. Kiini kina mafuta, na unga wake ukikaa sana huchacha. Sembe nyeupe inakuachia pumba mashineni, na pumba hizo umezinunua kwa bei ya mahindi.

Kikibaki chochote kwenye mgao, nunua gunia la mkaa kabla mvua za Novemba hazijaharibu barabara. Ili mkaa huo usiishe upesi, maharage loweka usiku kucha na umwage maji yake. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, ndiyo maana yanachelewa kuiva Mbeya kuliko Dar. Yachemshe kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa imejaa, kisha ifunike ndani ya kapu lililosheheni matambara kwa saa nne bila kuchungulia. Yachemshe tena kabla ya kuunga. Sufuria nusu hupoa haraka, na maharage yaliyolala kapuni hadi asubuhi yatakuwa yamechacha.