Ng'ombe wa Enzi za Sultani

Kwetu Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Unguja, kazi yangu haina jina. Mtu akimuuliza Shangazi, "Kijana wako anafanya nini siku hizi?" yeye hujibu, "Anaandika," kwa sauti ile ile ya mtu anayesema, "Bado yuko kwenye dawa." Na kweli naandika. Naandika kadi za mialiko ya harusi. Naandika barua za kuomba kazi, wenyewe wakapata kazi na mimi nikabaki pale pale na kalamu yangu. Nyumba moja ya wageni hapa mjini iliniagiza niandike kwamba chumba chao cha juu kinatazama bahari. Sikusema uwongo. Bahari unaiona, ila lazima upande juu ya ndoo, utoe shingo dirishani, na mwenzio akushike miguu.

Fedha ninayopata inagawika mafungu matatu: bando, urojo, na bando. Mimi ni mgonjwa wa muziki wa indi. Hao ni wale wanamuziki waliokataa kukaa chini ya makampuni makubwa, wakajirekodia wenyewe au kupitia vilebo vidogo vya uchochoroni. Rough Trade ya London, kwa mfano, ilianza 1976 ikiwa duka tu la santuri, na 1978 ikaanza kutoa muziki wake. Mambo kama haya nayajua kwa wingi. Bei ya unga siijui.

Shangazi husimama mlangoni na upawa mkononi, akasikiliza kidogo, halafu akauliza, "Huyu anayeimba, mamake anajua kama yuko hali hii?"

Basi Februari moja nilikuwa Ngome Kongwe, kwenye tamasha la Sauti za Busara, namweleza rafiki yangu kwa sauti ya kutosha watu sita kwamba mambo ya wanamuziki kujitegemea ni fikra iliyozuka Uingereza. Msichana mmoja mbele yetu akageuka.

"Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha hapa hapa, ipo tangu 1905," akasema. "Chama chao, vyombo vyao, nyimbo zao. Hao Waingereza wako wakati huo walikuwa wapi?"

Nikakosa jibu na, kwa bahati mbaya, nikapenda.

Tukawa tunazungumza. Yeye huendesha gari ya babake, Corolla ya kijani ambayo kioo chake cha kushoto kimefungwa waya. Gari hiyo haijui simu wala flashi. Inajua kaseti tu, na ndani yake zimo nne: tatu mawaidha, moja ya Kihindi. Aliponiambia hivyo moyo wangu ulifanya kama daladala inayokwepa shimo. Maana sisi watu wa indi kaseti ni kama msahafu wetu, Mungu anisamehe. Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME lilitoa kaseti moja tu, C86, yenye bendi 22, na mpaka leo kuna muziki unaitwa kwa jina hilo. Nikasema kama kaseti moja iliweza kufanya vile Uingereza, yangu itashindwaje kufika kwenye Corolla?

Shida ikawa kuipata. Nilizunguka Darajani asubuhi nzima. Kijana wa duka la simu aliniuliza, "Kaseti? Saizi gani?" na akaanza kuangalia miguu yangu.

Nikarudi nyumbani nikafungua kabati la Shangazi. Nyuma ya chetezo, ndani ya kibweta, nikaikuta kaseti moja ya dakika 60, lebo yake imebanduka zamani, haina hata herufi. Ukiishika kaseti utaona mgongoni ina vijino viwili vya plastiki. Kijino kikivunjwa, redio haikubali tena kurekodi juu yake. Ndivyo watu wa zamani walivyoilinda kanda waliyoipenda. Hii ilikuwa imevunjwa vyote viwili. Mtu mwenye akili angesoma pale: usiguse. Mimi nilisoma: tafuta selotepu. Nikaziba matundu, nikajisifu.

Redio kaseti ya Shangazi haina pa kuchomeka simu, kwa hiyo nikaiweka simu mbele ya maikrofoni yake ndogo, nikafungua dirisha kwa sababu ya joto, nikabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, na nikaanza kwa sauti ya mtangazaji wa usiku:

"Asalaam alaykum, mpenzi msikilizaji. Hapa ni studio za Malindi. Nyimbo hizi zinamwendea dereva wa Corolla ya kijani, ile yenye kioo kilichofungwa waya. Usukani umeshika wewe, lakini anayeyumba ni mimi."

Naandika haya huku nimejifunika uso kwa mto.

Wimbo wa kwanza, magitaa. Wa pili, magitaa yenye hasira. Wa tatu ulikuwa wa bwana mmoja anayenong'ona na gitaa moja, kimya kingi katikati, na kwa kuwa ulikuwa mrefu nikaenda jikoni kujimiminia chai. Wa nne ulipofika katikati, umeme ukakatika. Saa yangu ilisema dakika 21. Nikaulaani umeme, nikailaani nyaya, nikawalaani hata kunguru wanaokaa juu ya nyaya. Nikateremka Joz Kona kunywa kahawa mpaka urudi.

Sasa, Shangazi ni mtu aliyeishi ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima bila umeme, na tangu siku zile hauamini hata ukiwepo. Ukikatika tu, huzunguka nyumba nzima akichomoa plagi, maana anasema ukirudi kwa kishindo utamuunguzia friji. Alipofika kwenye redio akaiona kaseti yake mle ndani. Hakuona selotepu, miwani alikuwa ameivua. Alichokiona ni kwamba kijana wake mwisho amepata akili, anasikiliza vitu vya maana. Akaitoa, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaificha.

Niliporudi nikaitafuta kama mtu aliyepoteza pasipoti. Jioni, tunakula, Shangazi akasema tu, "Kaseti yangu ya harusi nimeitia pazuri. Siku ya hina nataka waisikie."

Moyo ukaniambia: ndiyo hiyo. Nikaujibu: hapana, hiyo ni nyingine. Na nikaongeza mchuzi.

Siku ya hina ya binti yake nyumba ilijaa wanawake mpaka ngazini. Mimi na wanaume wengine tulikuwa chini barazani, kazi yetu kupokea masufuria na kusifia harufu. Baada ya isha nikasikia naitwa. Nikapanda, nikapitishwa ukutani macho yakiwa kwenye mkeka, nikakuta redio imewekwa juu ya meza kama bibi harusi wa pili.

"Njoo unitilie hii," akasema Shangazi, akanikabidhi kaseti, ameshairudisha mwanzo. Halafu akawageukia wenzake. "Hii ni harusi yangu miye. Tuliirekodi kwa redio hii hii. Humu yumo mama yangu, Mungu amrehemu. Alipandishwa jukwaani akaimba, hakuwahi kuimba kabla wala baada."

Nikaitazama kaseti. Selotepu yangu ikanitazama.

"Shangazi," nikasema, "naona redio hii siku hizi inakula kanda."

"Itakulaje? Juzi si ulikuwa unaisikiliza? Tia, baba, watu wanangoja."

Nikatia. Nikabonyeza. Nikajificha nyuma ya pazia la mlango, maana miguu ilikataa kushuka ngazi.

"Asalaam alaykum, mpenzi msikilizaji."

Wanawake thelathini, kwa adabu, wakaitikia salamu.

Sitasimulia kila kitu. Nitasema tu kwamba ile habari ya Corolla ya kijani ilipotoka, sauti nyingi zilisema "Eeh!" kwa pamoja, kwa sababu mji huu una Corolla moja tu ya kijani yenye kioo cha waya, na mama wa mwenye gari alikuwa amekaa karibu na dirisha anapakwa hina mkono wa pili. "Anayeyumba ni mimi" ilipokelewa kwa vigelegele vya dhihaka. Yakaja magitaa. Yakaja magitaa yenye hasira. Mtoto mmoja akalia. Shangazi hakuwa amesema neno, na anayemjua Shangazi anajua hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Ukafika wimbo wa tatu, yule bwana wa kunong'ona. Na pale kwenye kimya chake, kwa sauti safi kuliko hata gitaa, likaingia dirisha langu lililokuwa wazi. Kwanza muuza samaki: "Changu! Changu haooo!" Halafu, kutoka barazani chini, sauti ya jirani yetu:

"Pilau lile la maulidi, shoga? Lirushe ukutani, litarudi. Na ile nyama! Ng'ombe yule alikuwapo tangu enzi za Sultani. Mimi nilikula kwa adabu tu."

Maulidi yale yalikuwa ya Shangazi. Pilau lilikuwa la Shangazi. Na jirani mwenyewe alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye redio, sahani ya pilau la Shangazi mapajani, tonge iko njiani.

Tonge ikasimama.

Pakawa kimya, isipokuwa yule Mwingereza akiendelea kunong'ona shida zake. Mimi nyuma ya pazia nikasoma kila dua ninayoijua na mbili nilizozitunga pale pale. Ndipo bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa amesinzia tangu magharibi, akafumbua jicho akauliza:

"Sultani yupi? Kama wa Jamshid, yule wa mwisho, huyo ng'ombe si mzee sana."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Kuna waliolala juu ya mkeka. Bibi harusi alicheka mpaka akajipaka hina shavuni, na alama ile ilikuwapo siku ya ndoa, picha zipo. Jirani akajitetea kwamba hiyo si sauti yake, mashine hizi hugeuza sauti za watu. Mtu akamwambia, "Na changu naye alikuwa wa mashine?" Hapo akaona bora aimalize tonge. Akaimaliza. Akaomba na kachumbari.

Na katikati ya zogo lile wimbo wa nne ukakatika, *taka!*, pale pale umeme ulipokatikia, na ikaja fidla.

Ilianza katikati ya mshororo, nyuma yake ganuni na dumbak, na juu ya vyote sauti ya mwanamke mtu mzima, nyembamba kidogo, inayotetemeka mwanzoni kwa haya halafu ikatulia. Vicheko vikazimika mmoja mmoja kama taa za fanusi. Nilimjua Bibi akiwa mgonjwa tu, sikujua kwamba alikuwa na sauti. Shangazi alikaa chini. Bibi alipofika kiitikio wale wazee wakaitikia, na mmoja akainuka akatuza: akaweka noti ya elfu tano juu ya redio. Wakainuka wengine. Redio ikatuzwa mpaka kitufe cha sauti kikawa hakionekani.

Kesho yake nikajipeleka mwenyewe. Nikapiga goti. Shangazi aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo kama hayupo mtu. Siku mbili alinipa chai bila sukari, wala hakusema sababu. Siku ya tatu ndipo akaniambia kwamba zile dakika za mwanzo nilizofuta zilikuwa za mafundi wakilinganisha vyombo, na bwana mmoja akisema "haloo, haloo, moja, mbili" kwa karibu robo saa.

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unakunywa chai yako. Nisingekukatiza."

Nikamwahidi kumhamishia wimbo wa Bibi kwenye simu, na nimefanya, kila mtu wa ukoo anao, hata wa Pemba. Na mimi ndiye mtu pekee katika Unguja hii aliyewahi kushukuru umeme kukatika.

Msichana wa Corolla hakuipata kaseti yake. Alipata habari zake zote, tena kabla hina haijakauka mikononi mwa mamake. Usiku ule ule aliniandikia: "Mama anauliza huyo anayeyumba anafanya kazi gani. Nimemwambia anaandika." Sijui aliisema kwa sauti gani. Nilimuuliza, akanijibu kwa emoji ya uso tu.

Nilipomwambia Shangazi kwamba sasa nitazifuta zile dakika 21 tubaki na Bibi peke yake, aliinua ungo kama anayenitupia.

"Thubutu."

Kwa hiyo zipo. Jirani bado huja kila jioni, na akianza kusifia mapishi yake, Shangazi huinuka taratibu, akasogea kwenye redio, akaweka kidole juu ya kitufe. Jirani hubadilisha mazungumzo. Siku akikaidi, kaseti hupigwa, na kumfikia ng'ombe lazima upitie zile nyimbo mbili za mwanzo, zote, maana kitufe cha kupeleka mbele kimeharibika.

Juzi nimemkuta Shangazi jikoni anakuna nazi, mgongo umenielekea. Alikuwa anaimba kwa puani. Ilikuwa ya pili, ile ya magitaa yenye hasira.