Kati ya kwelea kwelea na panya shamba, nani anatumalizia chakula?

Kwelea kwelea, vindege walao nafaka kwa makundi, wakivamia mtama wa Dodoma au mpunga wa Mbarali, taarifa hufika wilayani upesi na mara huombwa ndege ya kunyunyizia sumu. Panya shamba haombewi ndege. Hasara yake huachiwa mkulima.

Simdharau kwelea. Mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni 2 hufyeka tani 20 kabla jua halijazama. Anayeshinda dunguni akiamia ndege anaweza kupoteza shamba zima kwa siku chache, na kilio chake ni cha haki.

Lakini kwelea hufuata punje ndogo: mtama, uwele, mpunga, ngano. Mahindi, ugali wa wengi wetu, hayawezi sana. Huko anatawala panya. Makadirio ambayo watafiti wamekuwa wakiyanukuu kwa zaidi ya miaka 30 yanasema panya huipunguzia Tanzania wastani wa asilimia 15 ya mahindi kila mwaka. Ipeleke asilimia hiyo shambani: aliyestahili gunia 20 anavuna 17. Gunia 3 zilizopotea, kilo 300, ni unga wa familia kwa miezi kadhaa. Na hazipotei siku moja, watu wakishuhudia. Mbegu hufukuliwa katika wiki mbili za kwanza baada ya kupanda. Mkulima akiona mapengo hununua nyingine, akapanda upya mvua zikiwa zimeshasogea. Hakuna anayeita mkutano kwa ajili ya mapengo.

Tena panya hutabirika. Jike hubeba mimba siku 23 hivi na huweza kuzaa watoto zaidi ya 10, na tafiti za Morogoro zimeonyesha kuwa vuli ikinyesha sana, mlipuko unafuata. Upo muda wa kijiji kizima kutega pamoja kabla ya kupanda, maana anayetega peke yake huvamiwa na panya wa jirani.

Kinachonisikitisha zaidi ni fenthion, sumu ya kwelea. Huua pia bundi na ndege wengine wala nyama, yaani walaji wa panya. Tunalipia ndege ya kumpunguzia panya maadui! Kondoa wanatega kwelea kwa nyavu na vikapu, wakawafanya kitoweo. Njia hiyo ienezwe, ndege ibaki kwa makundi makubwa tu, na fedha itakayookolewa inunue mitego ya panya kabla ya msimu.