Okidi si kiazi mviringo

Ndugu uliyekaa kiti cha mbele kwenye basi la kutoka Makete juzi, ukatuhubiria mpaka tukaingia Uyole kwamba chikanda, yaani viazi vya maua ya okidi vinavyosagwa na kupikwa kuwa chakula, "ni viazi tu, vitaota tena": sikukujibu kwa sababu hasira zilinipanda, na kondakta alikuwa ameshafungulia muziki. Nakujibu hapa.

Havioti.

Hizi okidi zetu za ardhini, Disa, Satyrium, Habenaria, zina viazi viwili chini. Kimoja kizee, kimesinyaa kwa kulisha ua la mwaka huu. Cha pili kichanga, kigumu, ndiyo akiba ya mwakani. Mchimbaji anabonyeza vyote kwa vidole. Kipi anakitia guniani? Kile kigumu, bila shaka. Kilichosinyaa anakitupa. Utaniambia kuna mbegu. Zipo tele, ndogo kama vumbi, ila ndani hazina chakula. Lazima mbegu ikutane udongoni na kuvu ya aina inayoifaa ndipo iote, kisha ipite miaka kabla hujaona ua. Kiazi mviringo unapanda, miezi michache unavuna. Haya, kapande Disa nyuma ya nyumba yako, utuite kwenye mavuno.

Kitulo, mita 2,600 juu, nyasi, ukungu na baridi ya kukata masikio, ina aina zipatazo 45 za okidi hizi. Ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Lakini ua halipigi kelele: tembo mmoja akiuawa redio zote zinatangaza, gunia la chikanda likipita Tunduma, mpakani na Zambia, hakuna anayegeuka.

Nakubali, shingo upande, kwamba mama anayechimba hatajiriki. Anatafuta ada ya mtoto, na mwenye lori ndiye anayekula faida. Na chikanda yenyewe, ikichanganywa na karanga za kusaga na pilipili, ni tamu. Nimekula, nikaomba nyingine.

Ila nijibu hili moja. Wanaokula chikanda zaidi ni Wazambia, na walikuwa wakichimba kwao. Za kwao zilipopungua ndipo wanunuzi wakavuka mpaka kuja nyanda za juu kusini, na utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukakadiria viazi zaidi ya milioni 2 vinavuka kila mwaka. Kama vinaota tena, hilo lori linafuata nini Makete?