Redio ya AM ikikwaruza: tuilaumu dayodi au mzigo wake?

Redio ya masafa ya kati ikikwaruza, fundi mmoja wa Kariakoo atakwambia dayodi ya kigunduzi, inayotoa sauti kwenye wimbi la redio, imechoka. Mwingine atasema dayodi ni nzima, tatizo ni kinachofuata baada yake, yaani mzigo wake.

Anayeilaumu dayodi ana haki mawimbi yakiwa dhaifu. Dayodi ya silikoni, kama 1N4148, hutaka karibu volti 0.6 ndipo ipitishe vizuri. Ya jemaniamu, kama 1N34A, huanza kwenye 0.2 au 0.3. Ukiweka silikoni mahali pa jemaniamu, stesheni ya mbali hukatikakatika. Dawa ni kuipa mkondo mdogo wa kuiamsha: rezista ya megaomu 1 kutoka volti 6 huleta kama maikroampia 5. Angalia tu usivuruge saketi ya AGC (inayosawazisha nguvu ya stesheni yenyewe), maana mara nyingi huchukua volti zake hapohapo. Jemaniamu nayo huvujisha mkondo zaidi kadiri joto linavyopanda, na joto la Dar mnalijua. Unapoichomea, shika mguu wake kwa koleo ili moto usiifikie.

Ila stesheni ya hapahapa mjini, yenye nguvu, ikikwaruza, mimi nasimama na fundi wa pili. Chukua volyumu ya kilo-omu 10, na nyuma yake transista yenye mwingilio (ukinzani wa kuingilia) wa kilo-omu 10. Mkondo mnyoofu (DC) unaona kilo-omu 10. Sauti, ikipita kwenye kapasita ya kuunganisha inayozuia mkondo mnyoofu, inaona zile 10 mbili sambamba, yaani 5 tu, volyumu ikiwa juu kabisa. Modulesheni, yaani kiasi sauti inavyobadilisha ukubwa wa wimbi, ikizidi asilimia 50, wimbi hukatwa. Mshale wa volyumu ukiwa katikati ya njia, kikomo hupanda hadi asilimia 83. Ndiyo maana redio hukwaruza ikifunguliwa sana, na spika isiyo na kosa hutupwa.

Ongeza kilo-omu 4.7 kati ya dayodi na volyumu: kikomo kinafika asilimia 66, ingawa volyumu ikiwa juu kabisa unapoteza karibu nusu ya sauti. Transista ya kufuata emita yenye mwingilio wa kilo-omu 100, bila hiyo 4.7, hukufikisha 91. Hiyo ndiyo ningeichagua.

Kapasita ya kuchuja pia ina mpaka. Kwa sauti ya kilohezi 5 na modulesheni ya asilimia 80, R mara C (ukinzani mara uwezo wa kapasita) isizidi maikrosekunde 24: nanofaradi 2.2 kwa kilo-omu 10, au 1.5 ukiongeza ile 4.7. Ukiweka nanofaradi 10, sauti kali haziwezi kushuka kwa wakati.

Kabla ya kununua chochote, pandisha modulesheni ya jenereta ya mawimbi ya majaribio hadi asilimia 80, kwani 30 iliyozoeleka huficha kosa. Unganisha oskiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi, kwenye ncha mbili za volyumu uitazame. Wimbi likiwa bapa upande wa sifuri, ni mzigo. Mteremko ukinyooka kama uliochorwa kwa rula, ni kapasita.